Broshure ya itemu za fizike: jibu liko, njia haiko

Ikifika miezi ya mwisho ya mwaka wa masomo, Bukavu inajaa fotokopi. Kila mahali penye mashine ya fotokopi, kuanzia Nyawera mpaka Kadutu, utakuta ile broshure: karatasi zimefungwa na agrafu, itemu za fizike za Exetat za miaka mingi, na nyuma kabisa ukurasa mmoja wa majibu. Jina la mwandishi haliko. Mwenye aliichapa hajulikani. Na bado, kwa mafinalisti wengi wa sayansi, njo kitabu chenye wanasoma kuliko kila kitu chenye prof aliandika kwa ubao.

Kitabu chenye kinasomwa vile kinastahili kukosolewa kama kitabu. Nyimbo tunazikosoa, filamu tunazikosoa, hata mahubiri tunayakosoa njiani tukitoka misa. Hii broshure, watu wanauliza bei tu. Leo ninaomba tuifungue pamoja na tuisome vizuri, juu wengi wetu wasomaji wa ukurasa huu njo tunafundisha wadogo zetu jioni, na njo tunatoa ile pesa ya fotokopi.

Nianze na mazuri yake, kwa haki. Kwanza, inamuonyesha mtoto sura ya mtihani. Exetat inachukua siku 4, na ile siku ya sayansi mtoto anapambana na itemu zenye majibu 5, moja tu njo la kweli, na saa inakimbia. Mwenye hajawahi kuona itemu hata moja atapoteza muda kwa kushangaa. Pili, inamzoeza Kifaransa cha fizike, chenye hakifanani na Kifaransa cha kuandika barua. Tatu, ni bei ya chini. Kwa shule yenye haina labo, yenye barometa ni picha tu kwa ubao, usimwambie mtoto aachane na kitu pekee chenye anaweza kununua. Mwenye anachekelea broshure bila kuangalia hali ya shule zetu, huyo hasemi kitu.

Lakini kuna makosa matatu ndani yake, na yote matatu yanaumiza.

Kosa la kwanza: inatoa jibu bila njia. Tuchukue mfano, nimeutunga mwenyewe kwa namna ya zile itemu. Jiwe linatupwa wima kwenda juu na mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Tukichukua g kuwa 10, litafika urefu gani? Majibu: mita 2, mita 10, mita 20, mita 40, mita 400. Broshure itakuambia: la tatu. Basi, imemaliza. Mtoto anashika kwa kichwa: «jiwe, 20, la tatu».

Sasa angalia vile kuna mali mingi kwenye yale majibu mengine. Mwenye alichagua 40 alijua kama ni mwendo mara mwendo kugawa kwa g, lakini akasahau ile 2 ya chini. Mwenye alichagua 400 aliishia katikati ya hesabu. Mwenye alichagua 2, huyo alipata kitu cha kweli kabisa: mwendo kugawa kwa g inatoa 2, lakini ni sekunde 2, muda wa kupanda, si urefu. Kila jibu baya liko na sababu yake, na ile sababu njo somo. Mwalimu mwenye anauliza «kwa nini ulichagua 40?» anafundisha fizike. Ukurasa wa majibu hauulizi mtu kitu.

Matokeo tunayajua. Siku ya mtihani itemu inarudi na nguo ingine: jiwe ni lilelile, lakini wanauliza jiwe litarudi kwa mkono kisha muda gani. Ni sekunde 4, kupanda 2 na kushuka 2. Mtoto wa «la tatu» anaona jiwe, anaona 20, anaweka la tatu.

Na kuna jambo lingine lenye watu hawapendi kusema: ule ukurasa wa majibu wenyewe unakuwa na makosa. Umepita fotokopi ya fotokopi, namba zimefutika, mtu ameandika tena na biki. Mwenye anajua njia ataona haraka kama jibu haliwezekani. Ukiunga rezistansi mbili kwa paraleli, ya ohm 6 na ya ohm 3, jibu lazima liwe chini ya ile ndogo, ni kusema chini ya 3. Hesabu inatoa 2. Kama broshure imeandika 9, ni mtu alijumlisha tu. Lakini mwenye alishika jibu kwa kichwa atabeba 9 mpaka ndani ya chumba cha mtihani, na ile 9 haitamtetea.

Kosa la pili: inapita juu ya maneno. Itemu zimeandikwa kwa Kifaransa, mtoto anawaza kwa Kiswahili ao kwa Mashi, na katikati hakuna daraja. Chukua maneno mawili, masse na poids. Kwa soko la Kadutu yote mawili ni uzito, na yote mawili ni kilo. Mama anapima maharagi kilo 5, anauza, hakuna tatizo. Lakini itemu ikiuliza poids ya yale maharagi, jibu si 5: ni karibu newton 49, juu ni nguvu yenye dunia inavuta nayo ule mfuko. Mtoto anasoma swali, kichwani kinatokea kilo, anaweka 5. Si ujinga. Hakuna mtu alimuambia kama uzito wa soko umebeba vitu viwili ndani yake.

Neno travail ni baya zaidi. Itemu inasema: mtu anabeba mfuko wa kilo 50 kwa njia ya sawasawa, mita 100. Ile nguvu ya dunia yenye inavuta mfuko inafanya travail gani? Jibu: sufuri. Mtoto wa Bukavu, mwenye anaona kila asubuhi mama wanabeba mizigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, atakataa, na ako na haki ya kukataa. Kwa Kiswahili travail ni kazi, na ile ni kazi ngumu kuliko zote. Lazima mtu akae naye amuelezee: fizike imechukua neno la watu na kulipa maana ndogo, ni kusema nguvu yenye inaenda pamoja na mwendo ao kuupinga. Kwa njia ya sawasawa dunia inavuta chini, mfuko unaenda mbele, vile viwili havikutani. Lakini huyohuyo mama akiacha ziwa na kuanza kupanda kwenda Kadutu, kila mita 10 za kupanda anaupatia mfuko wake joule 4 900, na dunia inampinga kwa joule zilezile. Mtoto akishaelewa hapo, hatasahau. Broshure inaandika «0» na inapita.

Kosa la tatu: haijui tuko wapi. Hili linanigusa zaidi. Itemu inauliza maji yanachemka kwa digrii ngapi, broshure inajibu 100, na finalisti wa Bukavu anashika 100. Mama yake nyumbani anapika maharagi tangu saa sita na makala inaisha. Hakuna mwenye anaunga vile vitu viwili.

Sisi tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1 460 juu ya bahari, na mitaa mingi ya mji iko juu zaidi. Kadiri unapanda, hewa yenye iko juu ya kichwa chako inapungua, na presio yake inapungua pia. Barometa ya Torricelli, ile ya zebaki, pembeni ya bahari inasoma sentimita 76. Hapa kwetu ingesoma karibu 64. Maji yanapata njia ya kuchemka mapema, karibu digrii 95, na ukiongeza makala hayatapita hapo kwa sufuria ya kawaida. Njo maana maharagi inachelewa. Ile sufuria yenye kufungwa na kupiga filimbi inafanya kazi moja: inarudisha presio yenye mlima ulituondolea.

Mtu atauliza: kwa hiyo kwa Exetat waandike 95? Hapana. Soma swali tena. Swali lililotungwa vizuri linasema «chini ya presio ya kawaida», na chini ya presio ya kawaida ni 100. Yale maneno machache njo yanabeba swali zima. Mtoto mwenye ameelewa ataandika 100 kwa mtihani na atajua kwa nini nyumbani ni 95. Mwenye alishika tu jibu anaruka yale maneno, juu tayari anajua mwisho. Siku moja watabadilisha yale maneno, na hataona.

Ninajua mafinalisti watajibu nini. «Mukubwa, utupatie majibu tu. Tupate diplome kwanza, fizike tutaijulia mbele.» Siwezi kuwacheka. Karatasi ya majibu inasomwa na mashine, na mashine haitafuti njia, inatafuta alama. Mpaka wa kupita ni 50 kwa mia, na nyuma yake kuna wazazi wenye walilipa miaka yote, kuna poda yenye itamwagwa kichwani siku ya matokeo. Mtihani wenyewe uko na sehemu yake katika hili kosa: ukipima jibu peke yake, watu watauza jibu peke yake. Wakaguzi na wenye kutunga itemu wangepaswa kulifikiria.

Lakini ile «mbele» mimi ninatoka huko. Kwa agronomia, fizike haikungoji hata mwaka mmoja: maji ndani ya udongo ni presio, kukausha mbegu ni joto na hewa, kumwagilia ni urefu na mwendo. Tangi lenye liko mita 5 juu ya shamba linatoa presio ya karibu nusu bar, hata kama ni tangi ya lita 200 ao ya lita 5 000. Kuna watu wenye diplome wanabisha hapo, wanataka tangi kubwa. Na kuna wenye wanaweka motopompe mita 9 juu ya mto, inanguruma tu, hakuna maji, wanaenda kutafuta ingine ya nguvu zaidi. Pompe ya kuvuta haivuti kwa nguvu ya injini peke yake. Ni hewa ya inje njo inasukuma maji yapande ndani ya bomba. Pembeni ya bahari hewa inaweza kuyasukuma mpaka karibu mita 10. Hapa Bukavu ni karibu 8,7 kwa hesabu, na kwa kazi yenyewe inakuwa chini ya hapo, juu ya msuguano na kasoro za mashine. Ushuke na pompe karibu na mto, kisha injini isukume maji kupanda. Ile ni itemu ya barometa, neno kwa neno. Mkulima alilipa mafuta juu mtu alishika «76» bila kuuliza 76 ya nini.

Kwa hiyo sisemi tuchome broshure. Ninasema tuisome kinyume. Wenzangu wenye mnakutana na mafinalisti jioni, mujaribu hivi. Ukurasa wa majibu uchanwe, ukae kwako. Kwa jioni moja mutoe itemu 5, si 50, na kwa kila moja mtoto aseme kwanza kwa Kiswahili swali linataka nini, kisha aseme yale majibu manne mabaya yanatoka kwa kosa gani. Kisha abadilishe swali mwenyewe: kama wanatoa urefu, yeye aulize muda, kama wanatoa presio ya bahari, yeye aweke ya Bukavu. Mkipata termometa, hata moja kwa kikundi kizima, muchemshe maji na kila mtu asome kwa macho yake. Ni jioni moja na makala kidogo.

Na ninyi mafinalisti wenye munasoma hapa: muko na haki ya kuuliza «kwa nini» hata kama wiki zinabaki tatu. Mwenye anakuambia hakuna muda wa kuelewa, umuulize itemu 300 za kushika kwa kichwa zitachukua muda gani, na kisha formula zaidi ya kumi na maana yake zitachukua muda gani. Mufanye hesabu wenyewe.

Mwenye yuko na broshure yenye inaonyesha njia, hata ya mkono, aiweke hapa chini tuigawanye. Na mwenye hakubaliane na mimi, aandike. Tusomane.