'Mshtuko wa moyo': Istilahi moja, maradhi matatu

Waandishi wetu wa habari wanaporipoti kifo cha ghafla, aghalabu kalamu hukimbilia istilahi 'mshtuko wa moyo'. Mshipa wa moyo ukiziba, ni mshtuko. Moyo ukisimama, ni mshtuko. Ukidhoofika, eti ni mshtuko vilevile! Istilahi hii imebebeshwa mzigo usio wake.

Kwanza, tuitazame maana. Kushtuka ni kugutuka. Moyo nao, katika Kiswahili, ni makao ya hisia: tunapeana moyo, tunavunjika moyo. Ukiyaunganisha maneno haya, msomaji wa kawaida atadhani marehemu alipokea habari mbaya, basi. Kumbe mshipa unaoulisha msuli wa moyo umezibwa na mafuta na damu iliyoganda, hali inayojijenga kwa miaka mingi kutokana na sigara, kisukari au presha isiyotibiwa.

Pili, kuchanganya majina ni kuchanganya tiba. Mnamo Juni 12, 2021, jijini Copenhagen, mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani timu yake ilipocheza na Finland. Moyo wake ulikuwa umesimama. Aliokolewa kwa kukandamizwa kifua papo hapo na kupigwa umeme ulioyarejesha mapigo ya moyo.

Lakini anayeumwa kifua kwa sababu ya mshipa ulioziba, na angali anazungumza, hakandamizwi kifua. Hukimbizwa hospitalini mshipa uzibuliwe. Naye ambaye moyo umedhoofika, miguu ikavimba na pumzi zikamwishia akipanda ngazi, huhitaji dawa za kila siku.

Wapo watakaonijibu kwamba istilahi hii imeshazoeleka, na lugha ni ya wenyewe. Sawa. Basi 'mshtuko wa moyo' ubaki kwa mshipa ulioziba, na mwandishi aongeze sentensi moja ya kueleza hivyo. Kwa mengine tuseme 'moyo kusimama ghafla' na 'moyo kudhoofika'. Maneno haya hayahitaji kuundiwa kamati. Yamo vinywani mwetu tayari na hata mtoto wa shule anayaelewa.

Mhariri asiichukulie tofauti hii kuwa ya wataalamu pekee. Msomaji wake huenda kesho akawa wa kwanza kufika alipoanguka jirani, na atatenda kulingana na alivyoelezwa.