Marshall Iliyoongezewa Makali: Isikilize Kabla ya Kulipa

Anayeuza amplifaya ya valvu iliyoongezewa makali na fundi atafungua vitufe vyote mpaka mwisho, kisha apige noti moja ndefu. Usinunue kwa noti hiyo. Omba gitaa, piga kordi pana ya nyuzi zote sita, usikilize kama kila uzi bado unasikika peke yake. Zikivurugika zikawa uji, kazi ni mbovu.

Kinacholeta uji huo mara nyingi ni besi. Ili kuona kwa nini, anzia nyuma: Super Lead ya Marshall ya wati 100 ya miaka ya 1960 haikuwa na masta, yaani kitufe cha kupunguza sauti ya jumla. Ili ikwaruze ilibidi ipigwe kwa sauti ya kuumiza masikio, hadi valvu zake nne za EL34 zilemewe. Mwaka 1975 ikaja modeli ya 2203, yenye masta, na hatua za valvu za mwanzo zikaunganishwa mfululizo. Mafundi wa Marekani wakaongeza hatua nyingine. Sasa kila hatua hukuza pia besi inayopokea, kwa hiyo fundi hodari huipunguza mapema kwa kapasita ndogo, kabla mkwaruzo haujakolea. Ziba uzi mnene kwa kiganja na upige haraka haraka: sauti ikatike papo hapo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: punguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi nusu. Amplifaya njema husafika. Ukigusa uzi kwa upole inatulia, ukikaza inauma. Inayokwaruza vilevile kwa kila mguso imemnyang'anya mpigaji mkono wake, na hilo silisamehe hata bei ikiwa nafuu.

Sauti nyembamba ya 'shii' isikutishe. Valvu za ECC83 zikikuza kiasi hicho, haiepukiki. Mvumo wa umeme huashiria kapasita za kuchuja zilizochoka au waya wa athi uliopitishwa vibaya. Mluzi huashiria nyaya zilizokaribiana mno. Usifungue mwenyewe: zaidi ya volti 400 zinaweza kubaki ndani hata plagi ikichomolewa. Wala usiiwashe bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Ukibahatika kupata Super Lead ya miaka ya 1960 isiyoguswa, tafadhali usimruhusu fundi aitoboe. Mpe badala yake 2203, au 2204 ya wati 50.