Baada ya Makofi

Msanii aliyesahaulika anaporudi, albamu yake ya kwanza husaidiwa na hadithi yake. Tunaisikiliza tukiwa tumeshaambiwa jinsi alivyodhulumiwa, na masikio yetu yanakuwa mepesi kusamehe. Albamu inayofuata haina bahati hiyo. Hadithi imeshasimuliwa, makofi yameshapigwa, na mwimbaji amebaki na sauti yake. Ndiyo maana, kati ya albamu za Bettye LaVette, ninayoirudia zaidi ni The Scene of the Crime ya mwaka 2007.

Kwa wasiomfahamu: LaVette alizaliwa Muskegon, Michigan, mwaka 1946, akakulia Detroit. Alikuwa na miaka 16 tu wimbo wake wa kwanza, "My Man – He's a Lovin' Man", ulipoingia kwenye chati za Marekani. Miaka 10 baadaye alikwenda Muscle Shoals, mji mdogo wa Alabama ambao wanamuziki wake walikuwa wameshapiga ala kwenye nyimbo za Aretha Franklin na Wilson Pickett. Alirekodi albamu nzima huko. Kampuni ikaifungia kabatini. Ilitoka mwaka 2000, baada ya mkusanya santuri mmoja Mfaransa kuifuatilia na kuichapisha mwenyewe. Kisha mwaka 2005 ikaja I've Got My Own Hell to Raise, nyimbo 10 zote zilizotungwa na wanawake, na hatimaye watu wakalijua jina lake.

Miaka miwili baada ya mafanikio hayo, akiwa na umri wa miaka 61, alirudi Muscle Shoals. Jina la albamu, yaani "mahali pa uhalifu", halifichi sababu. Safari hii alipigiwa na Drive-By Truckers, bendi ya roki ya Patterson Hood. Baba yake Patterson, David Hood, ni mpiga besi wa kizazi kile cha zamani cha Muscle Shoals, naye alishiriki, pamoja na mkongwe wa kinanda Spooner Oldham. Kila kitu kiko tayari kwa kesi: mlalamikaji, mashahidi, hata eneo la tukio.

Lakini ukiziweka nyimbo moja baada ya nyingine, kesi yenyewe haisikiki sana. Wimbo wa kwanza ni wa Eddie Hinton, mpiga gitaa wa huko huko Muscle Shoals aliyefariki mwaka 1995. Hinton aliuandika kwa sauti ya mwanamume anayeomba. LaVette anapouimba, ombi linageuka kuwa sharti: nipokee nilivyo, au tuachane. Halafu kuna "Choices", uliojulikana kwa sauti ya George Jones, ambao mwimbaji wake anakiri kwamba maisha aliyonayo yametokana na alichochagua mwenyewe. Kwangu huu ndio uamuzi wa kijasiri kuliko yote katika albamu hii. Mtu aliyenyimwa haki kwa miaka mingi, katika albamu iliyopewa jina la uhalifu, anaimba kuhusu wajibu wake mwenyewe. Haimfuti lawama aliyekosa. Anakataa tu maisha yake yote yaelezwe kwa kosa la mtu mwingine.

Wimbo unaosimulia historia yake moja kwa moja ni "Before the Money Came", alioutunga pamoja na Patterson Hood. Ni wimbo wa majigambo, una nguvu, na magitaa yanausukuma mbele. Hata hivyo, naona ndio unaoniambia machache zaidi. Unanipa habari, nami habari nilikuwa nazo. Magitaa hayo yanamjazia kila nafasi, wakati ufundi wake mkubwa umo katika nafasi anazoziacha: anavyochelewa nyuma ya mdundo, anavyoukata mstari kabla haujaisha, anavyoshusha sauti hadi ikakaribia mazungumzo.

Linganisha na "Talking Old Soldiers". Elton John na Bernie Taupin waliutoa mwaka 1970, wote wawili wakiwa hawajafika miaka 25. Ni vijana waliomuwaza mzee aliyekaa baa, akiwakumbuka marafiki waliokufa. LaVette hahitaji kuwaza. Anauimba polepole, kwa sauti iliyokwaruzwa, na kila kituo kinakuwa kama mtu anayetafuta jina asilipate. Hakuna neno linalotaja Detroit wala kampuni iliyomfungia kazi yake. Hata hivyo, hapa ndipo nilipoelewa gharama ya miaka ile 35: watu aliotaka wamsikie hawakuwepo tena.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaoandika na kuimba sasa. Tunajifunza mapema kutanguliza jeraha: kwenye wasifu, kwenye barua za kuomba ufadhili, kwenye maelezo ya picha. Jeraha hufungua mlango, sibishi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nasi huwashangilia waliorudi kiwandani kwa methali hiyo. Tunasahau kwamba mhunzi akisharudi, mteja huulizia jembe lake, hataki tena habari za koleo.

Albamu hii iliteuliwa kuwania Grammy. Desemba 2008, katika sherehe za Kennedy Center jijini Washington, LaVette aliimba "Love, Reign o'er Me" mbele ya Pete Townshend, mtunzi wake, na Roger Daltrey, aliyeuimba mwanzo. Itazame video ya usiku ule. Hatoi utangulizi wala hasimulii maisha yake. Anasimama, anaimba wimbo wa mtu mwingine, na wenye wimbo wanakaa kumsikiliza.