Mshairi Si wa Kujaza Nafasi

Ukiona bango la shoo ya neo-soul na ushairi wa jukwaani hapa Nairobi, angalia kwanza majina yamepangwaje. Mwimbaji yuko juu kwa herufi kubwa. Bendi inafuata. Halafu huku chini, karibu na bei ya tiketi, kuna neno "washairi", basi. Hawana hata majina. Nimehudhuria shoo za kutosha kujua bango kama hilo linamaanisha nini: mshairi ataitwa jukwaani wakati mpiga gitaa anabadilisha uzi, atapewa dakika tatu, na nusu ya watu watatumia dakika hizo kwenda kununua vinywaji.

Hii ni ajabu, kwa sababu muziki wenyewe ulikulia mikononi mwa washairi. Jill Scott alikuwa akisoma mashairi kwenye majukwaa madogo ya Philadelphia kabla dunia haijamjua kama mwimbaji, na albamu yake ya kwanza, Who Is Jill Scott? Words and Sounds Vol. 1 ya mwaka 2000, inataja maneno kwanza, sauti baadaye. Katika mji huohuo, The Roots walifunga albamu yao ya 1995 kwa shairi la Ursula Rucker. Hawakuliweka katikati kama mapumziko. Walimwachia yeye neno la mwisho. Kisha wakaja Floetry, wasichana wawili kutoka London waliohamia Philadelphia na kutoa Floetic mwaka 2002: Marsha Ambrosius anaimba, Natalie Stewart anasema, na ukimtoa mmoja wimbo unaanguka.

Sasa, ukienda shoo ya namna hii, utarajie nini?

Kwanza, utarajie dramu kuchelewa. Usidhani mpigaji amelewa. Sikiliza Voodoo ya D'Angelo, ya mwaka 2000 pia: Questlove anapiga nyuma kidogo ya pale sikio linapomngoja, kwa makusudi, na mwili wako unabaki unaning'inia kwa nukta ya sekunde. Wengi huona huo ni mtindo wa Marekani tu. Mimi naona unatufaa sisi kuliko tunavyofikiri. Maneno yetu karibu yote hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo mstari wa Kiswahili huisha ukiteremka. Dramu inayowahi huikanyaga silabi hiyo ya mwisho, na kina kinapotea. Dramu inayochelewa huingoja. Tena shairi letu la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, tayari lina pumziko lake katikati. Mpiga besi mwenye masikio hahitaji kufundishwa aingilie wapi. Ndiyo maana nashangaa sana, bana, usiku mzima ukipita bila hata ubeti mmoja wa Kiswahili, kama kwamba lugha hii ni ya mtihani wa KCSE pekee.

Pili, utarajie kuulizwa, na ujibu. Wimbo wa Erykah Badu uitwao Tyrone ulitoka kwenye albamu yake ya Live ya 1997, na ulirekodiwa jukwaani, mbele ya watu. Kelele za hadhira zimo ndani yake na ni sehemu ya ladha. Hapa kwetu hadhira ya neo-soul imejifunza kupiga vidole, adabu tuliyoiazima kwa majukwaa ya ng'ambo. Sina ugomvi nayo. Lakini sisi tuna adabu nzito zaidi. Kwenye taarabu ya Mombasa, mstari ukikuchoma unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza mwimbaji noti mkononi, na ukumbi mzima unajua umeguswa wapi. Hata mgawanyo wa kazi baina ya mshairi na mwimbaji si mgeni kwetu: Ahmad Nassir alitunga, binamu yake Juma Bhalo akaimba, na wapenzi wa taarabu waliwajua wote wawili kwa majina.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, utarajie utamu, na uwe macho nao. Muziki huu una kinanda laini, gitaa linalonong'ona, waitikiaji wenye sauti za asali. Chochote ukikiweka juu yake kinapendeza. Hiyo ndiyo hatari yake. Kuna usiku mmoja dada fulani alisoma shairi la kaka yake aliyetoka nyumbani kwenda maandamano ya Juni 2024, na viatu vyake vingine ambavyo mama bado hajavitoa mlangoni. Nyuma yake kinanda kiliendelea kutiririka kama tuko harusini. Watu walianza kutikisa vichwa taratibu, macho yamefungwa, wakiburudika. Nilikasirika. Msiba wa mtu ulikuwa unageuzwa kuwa mandhari.

Halafu mpiga besi akaondoa mkono kwenye nyuzi. Hakuangalia mtu. Dramu ikanyamaza, mwishowe na kinanda pia, na yule dada akabaki na maikrofoni yenye mkwaruzo na beti mbili za mwisho. Alipomaliza hakuna aliyepiga vidole. Mwimbaji aliporudi hakutania wala hakutaka tumpigie mshairi makofi, alivumisha tu sauti ya chini isiyo na maneno, na bendi ikamfuata polepole. Tangu usiku huo, bendi ya neo-soul naipima kwa swali moja: inajua kuacha kupiga? Kupiga vizuri wengi wanaweza. Kusikiliza mshairi anasema nini, mpaka ujue kwamba hapa nota zangu zinamziba, ni kazi ya watu waliofanya mazoezi pamoja, si waliokutana nyuma ya jukwaa saa moja kabla.

Ndiyo maana suala la bango si dogo. Jina lisilo kwenye bango halialikwi kwenye mazoezi. Asiyealikwa mazoezini fundi wa mitambo hajui sauti yake, kwa hivyo atamwekea mipangilio ya mwimbaji, mwangwi mwingi na besi juu, na maneno yatafika kwako kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Na mwisho wa usiku, hesabu zikifanywa, yeye ataambiwa amepata jukwaa la kujitangaza.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa ya tiketi, waandikie waandalizi uwaulize: washairi ni kina nani, na wamefanya mazoezi na bendi? Swali lenyewe halina gharama, na wakiulizwa na watu ishirini watatafuta jibu. Ukishaingia, mshairi akipanda, kaa. Kinywaji kitangoja. Simu iweke mfukoni kwa dakika hizo. Na mstari ukikuchoma, usiogope kuinuka uende mbele na noti yako, hata kama wewe ndiye pekee uliyesimama.