Mshindi Aliyeteleza: Maoni Juu ya Tafsiri Moja ya Miruko ya Skii

Hivi karibuni tulipata kusoma, pale Ilula mkoani Iringa, tafsiri ya kurasa nne iliyopigwa chapa na kupitishwa mkono kwa mkono miongoni mwa walimu. Asili yake ni taarifa ya Kiingereza juu ya mashindano ya kuruka kwa skii, yaliyochukua siku tatu za mwisho wa juma katika nchi moja ya baridi: Ijumaa mazoezi na mchujo, Jumamosi mashindano ya mtu mmoja mmoja, Jumapili ya timu za watu wanne wanne. Msomaji ataweza kuuliza mji ule wa nyanya na vitunguu, ulioko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, una haja gani na mchezo huo. Jibu ni kwamba mwalimu mmoja aliichagua taarifa hiyo kwa makusudi, kwa vile ni ngeni kabisa, ili awaonyeshe wanafunzi wake wa sekondari mahali Kiswahili kinapokomea. Walipofikia sentensi isemayo "mshindi aliteleza kuliko wenzake wote", darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akatoa hukumu kwamba lugha yetu haiyawezi mambo haya.

Katika nchi ambayo shule nyingi za sekondari bado zinafundisha kwa Kiingereza, hukumu ya namna hiyo haifai kupuuzwa kama mzaha. Tumeisoma tafsiri hiyo mara tatu, na rai yetu ni kwamba aliyeshindwa ni mfasiri. Tena hakushindwa kwa kukosa maneno. Alishindwa kwa sababu hakutaka kwanza kuujua mchezo wenyewe.

Tuanze na hilo neno lililowachekesha vijana. Kuteleza, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni jambo linalompata mtu bila ya kutaka: mguu umeteleza, ulimi umeteleza. Mtoto wa Ilula anayajua malori yanayopanda na kuteremka mlima Kitonga. Akiambiwa kwamba lori limeteleza Kitonga atauliza wamekufa wangapi. Kumwambia kwamba mtu amepewa medali kwa kuteleza ni kumwambia kichekesho. Hata hivyo mtoto huyo huyo, akikalia kipande cha dumu lililopasuliwa na kushuka nacho kwenye mteremko wenye majani makavu, husema kwamba anaserereka. Kuserereka ni kushuka kwa hiari na kwa raha. Neno lilikuwapo, tena limo midomoni mwa watoto wale wale waliocheka.

Lakini hata kuserereka hakutoshi, kwa kuwa mfasiri ametumia fungu moja la maneno, "kuteleza kwenye theluji", kwa michezo mitatu isiyofanana. Kosa hili si lake peke yake. Magazeti na redio zetu wamelizoea. Inafaa tumkumbuke Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, aliyekuwa mwanariadha wa mbio kabla ya kupelekwa Finland kufunzwa skii, na ambaye mwaka 1998 alishindana huko Nagano, Japani, katika Olimpiki ya majira ya baridi. Boit alikwenda kilomita 10 kwa skii miguuni, akipanda vilima na kuvishuka kwa nguvu za miguu na mikono yake. Alikuwa wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni mwa njia ili ampongeze. Zile zilikuwa mbio. Aliyesoma kwamba Boit "aliteleza" kilomita 10 hawezi kuelewa kwa nini alichoka. Miaka 20 baadaye, mwaka 2018, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang katika mchezo wa kuteremka mlima kwa kasi. Nao warukaji ni watu wa aina ya tatu. Kwa hiyo tunapendekeza mbio za skii, mteremko wa skii na mruko wa skii. Maneno haya hayahitaji kamati. Mwalimu yeyote wa michezo wa shule ya msingi, aliyezoea kuruka juu, kuruka chini na miruko mitatu, atayaelewa papo hapo.

Wapo watakaolalamika kwamba skii ni neno la kigeni, na kwamba afadhali kusema "mruko wa theluji". Ugeni wa neno hautusumbui. Sketi na stesheni nazo ziliingia mlango huo huo, na tumeona jinsi kompyuta ilivyozidi kutumika huku ngamizi na tarakilishi zikibaki zaidi vitabuni. Kuna sababu nzito zaidi. Mruko huu hauhitaji theluji. Tangu miaka ya 1950, kuanzia iliyokuwa Ujerumani Mashariki, vilima vya kurukia hutandikwa mikeka ya plastiki inayomwagiwa maji, na watu wakaruka wakati wa kiangazi juu ya majani mabichi. Ukiiweka theluji ndani ya istilahi, ifikapo Julai istilahi imekuwa uongo. Kisichokosekana ni zile skii mbili miguuni, basi na ziitwe kwa jina lake.

Tukiingia ndani ya tafsiri tunakuta makosa makubwa zaidi, ingawa hayo hayakumchekesha mtu. Mfasiri anasema mchezaji "hurushwa hewani na jukwaa". Hapa kiambishi kimoja kimeuharibu mchezo mzima. Yeyote asiyeujua mchezo huu hudhani kwamba mwisho wa njia umeinuliwa juu kama mdomo wa birika, nao humtupa mtu angani. Sivyo. Ukingo wa kurukia umeinama kuelekea chini kwa nyuzi kama 11. Mchezaji anakuja amechuchumaa, kwa mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, na katika kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho anajinyoosha na kujisukuma kwa miguu yake mwenyewe. Akichelewa kidogo tu, mruko umekwisha kuharibika. Yeye ndiye mtenda, anaruka, harushwi. Lugha yetu ina utajiri wa vitenzi vya kunyambulika, na kuruka, kurusha na kurushwa hutofautishwa na kila mtoto. Kumbe chombo kilikuwapo mkononi, kikatumiwa vibaya.

Kosa lililotuudhi kuliko yote limo katika kiunganishi. Taarifa ya asili inasema kwamba mrukaji fulani alipata upepo wa mbele akafika mbali. Mfasiri ameandika: "Ingawa upepo ulimpinga, alifika mbali." Neno "ingawa" halimo katika asili, limetiwa na mfasiri kwa kudhani kwamba upepo wa mbele ni adui. Kwa mpanda baiskeli ni adui kweli. Nahodha wa jahazi naye huziogopa pepo za omo na kufurahia upepo wa tezi. Lakini mrukaji wa skii amelala juu ya hewa, mwili umeinamia mbele, skii zimepanuliwa kama herufi V (mtindo huo ulivumishwa na Msweden Jan Boklöv katika miaka ya 1980, na mwanzoni waamuzi wakimkata kwa ajili yake). Upepo wa mbele humbeba. Upepo wa nyuma humdidimiza. Ndiyo maana kanuni za siku hizi humpunguzia alama aliyepata upepo wa mbele na kumwongezea aliyesukumwa kutoka nyuma. Kwa neno hilo moja mfasiri amemfanya shujaa mtu aliyebahatika, na aya inayofuata, inayoeleza kupunguzwa kwa alama zake, imekuwa fumbo. Mwanafunzi ataona dhuluma mahali palipokuwa na hesabu. Tunaomba wenzetu wanaofasiri maelezo ya dawa na ya mitambo walitafakari kosa hili. Nomino ngeni humshtua msomaji akauliza. "Ingawa" humpita kimya.

Kuhusu hesabu yenyewe, tafsiri ina sentensi hii: "Anayefika kwenye alama hupewa alama 60." Hapa alama ni mstari uliochorwa kwenye mteremko, na papo hapo ni maksi. Walimu walitumia dakika nyingi kuijadili. Mstari huo una jina, nalo ni herufi K. Uitwe basi mstari wa K, na alama ibaki ile ya shuleni. Ukishatenganisha hayo, hesabu inakuwa nyepesi. Katika kilima ambacho mstari wa K uko mita 120, anayefika hapo hupata alama 60, na kila mita inayozidi ni alama 1.8. Aliyetua mita 130 ana alama 78 za umbali. Waamuzi watano, kila mmoja akiwa na alama zisizozidi 20, hutazama namna alivyokaa hewani na alivyotua. Ya juu kabisa na ya chini kabisa huachwa, tatu zilizobaki hujumlishwa. Hili ni somo la darasa la saba, na linafundishika kwa Kiswahili bila ya kuazima chochote.

Mfasiri pia amechanganya theluji na barafu, lakini tutamsamehe kwa kuwa historia nayo iliteleza: barafu tuliitoa katika neno la Kiajemi lenye maana ya theluji, tukalipa maana nyingine.

Haki inatudai tuseme palipo pazuri. Namna ya kutua ameieleza vizuri sana: "akatua mguu mmoja mbele ya mwingine, magoti yamelegea, mikono imetandazwa, kama anayetaka kupiga goti akaghairi." Aliandika hivyo, tumeambiwa, baada ya kuonyeshwa picha. Maneno yalikuja yenyewe alipoona.

Linabaki swali moja ambalo sisi hatukulimaliza. Vipo vilima vikubwa mno, kama vile vya Planica na Vikersund, ambako watu wamepita mita 250, na Wazungu hutumia huko kitenzi cha ndege badala ya kile cha panzi. Kwetu ndege na panzi wote huruka. Mwalimu mmoja kijana alipendekeza "kupaa". Tulimkatalia, maana kupaa ni kwenda juu, na mrukaji hapandi. Tangu ukingoni anashuka, akiwa mita chache tu kutoka kwenye mteremko unaoshuka pamoja naye. Yeye akajibu kwamba hata tai akishuka bondeni bila ya kupiga mbawa, watu wa kwao husema anapaa. Tuliachana hapo, basi lake likiwa limefika.