Hongera, mafundi wa Ngomeni

Jioni, kahawa ikishaanuliwa, ukitazama juu kutoka uani Nkwenda, Kyerwa, utaona nukta ikikata anga bila kumetameta. Hiyo ni setilaiti. Watoto huzihesabu. Mimi huwakumbuka mafundi wa Ngomeni, karibu na Malindi, Kenya.

Huko, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma baharini, wakaliita San Marco. Mahali palichaguliwa kwa akili: karibu na ikweta dunia yenyewe huisukuma roketi kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na ukiielekeza mashariki, vipande vinavyodondoka huishia baharini. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa pale kwa roketi za Scout za Marekani.

Setilaiti ninayoipenda ni ya tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend wa NASA, msimamizi wa mradi, akaipa jina letu: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu, nayo ikaorodhesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, mwanasayansi wake mkuu, alipata Nobeli mwaka 2002.

Njia ya Uhuru iliinama nyuzi tatu tu kutoka ikweta, nayo setilaiti iliizunguka dunia kila dakika 96 hivi. Kwa hiyo anga yetu ya Kyerwa ilikuwa ndani ya barabara yake. Iliungua ikirudi, Aprili 1979.