Namna kondo lilivyokamatwa

Kondo la nyuma huota mishipa yake ya damu kwa uongozi wa protini kadhaa, zikiwemo VEGF na PlGF. Hizi hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za mishipa na kuzichochea zikue. Katika preeklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba, presha ya mjamzito hupanda na mara nyingi mkojo wake huwa na protini. Tiba ya kweli ni kujifungua. Wakunga na madaktari walijua tangu zamani kwamba kondo ndilo mshukiwa. Kilichokosekana ni ushahidi.

Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi, mjini Boston, liliuleta. Walilinganisha jeni zinazofanya kazi kwenye kondo la wagonjwa na la wazima, ikajitokeza sFlt-1. Hiki ni kipokezi cha VEGF kisicho na sehemu ya kukishikiza kwenye seli, kwa hiyo huelea kwenye damu, kikinasa VEGF na PlGF kabla hazijafanya kazi.

Wangeishia hapo, wangekuwa wameonesha tu kwamba mambo mawili hutokea pamoja. Walichukua seli za mishipa maabara na kuzitilia seramu ya wajawazito wagonjwa: seli zikashindwa kujipanga kuwa vijineli. Seramu iliyotolewa saa 48 baada ya kujifungua haikuwa na kizuizi hicho. Nayo ile ya wagonjwa, ilipoongezewa VEGF na PlGF, vijineli vilitokea.

Kisha wakaja panya. Walipodungwa virusi vilivyobebeshwa jeni ya sFlt-1, wenye mimba walipanda presha, wakatoa protini kwenye mkojo, na vishipa vya figo vikavimba kama vya wanawake wagonjwa. Hata wasio na mimba walipanda presha na kutoa protini. Kwangu, hao wasio na mimba ndio waliokata shauri: hawakuwa na kondo lolote, walikuwa na sFlt-1 tu.

Mwaka 2004 ilionekana kwamba sFlt-1 huanza kupanda kwa kasi takriban wiki tano kabla ya dalili. Utafiti wa 2016 ukaweka kipimo: sFlt-1 igawanywe kwa PlGF. Mjamzito anayeshukiwa kuugua akipata 38 au chini, uwezekano wa kutougua ndani ya wiki moja ni asilimia 99.3. Kati ya waliozidi 38, ni asilimia 36.7 tu waliougua ndani ya wiki nne. Kwa hiyo kipimo hiki humwezesha daktari kumruhusu mama arudi nyumbani. Kumtangaza mgonjwa hakitoshi.